Mama Foto na Samaki wa Mshipi wa Papai

Siku ziwa lilipoingia ndani ya studio yake, Mama Foto alitoa samaki kwanza. Maji yalikuwa yamefika magotini. Kochi la wateja lilikuwa limeanza kuelea, na pazia la picha lilikuwa limelowa hadi kwenye maua yake ya kuchorwa. Yeye alisimama mbele ya sanduku lake kubwa la kioo, akichota samaki kwa bakuli na kuwatia kwenye ndoo. Majirani waliokuwa wakipita na magodoro kichwani walisimama kushangaa, kwa sababu samaki wale walivuliwa katika ziwa hilohilo lililokuwa likiingia mlangoni.

"Mama Foto!" mmoja akapaza sauti. "Wache tu! Ziwa lenyewe limekuja kuwachukua!"

"Cheka," akajibu bila kugeuka. "Weye kwenu ni Nyunzu. Nikikubeba nikutupe Bukavu, nikuambie kaa hapa, si ni Kongo tu, utafurahi?"

Yule jirani alicheka, akarekebisha godoro lake, akaenda zake. Mimi nilikuwa nimekuja na kinasa sauti ndani ya mfuko wa plastiki, nimetumwa na redio kuripoti mafuriko. Niliishia kushika ndoo.

Jibu lake kwa jirani halikuwa mzaha. Lakini ili lieleweke, lazima kwanza nimweleze mwenyewe.

Hapa Kalemie ukisema Mama Foto hakuna anayeuliza ni yupi. Ni mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana, anayetembea haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Tangu nimfahamu, na ni miaka mingi, sijamwona amevaa nguo ya rangi nyingine isipokuwa kahawia. Katika mji ambao akina mama wanashindana kwa vitenge vya kung'aa, hilo linaonekana haraka. Siku moja nilimuuliza sababu.

"Nikivaa nyekundu, uso wa mteja unakuwa mwekundu kwenye foto," alisema. "Mwangaza unagonga nguo yangu, unarudi kwake. Rangi iache ikuwe yao."

Jibu zuri. Ila hata Jumapili kanisani, ambako hapigi mtu picha, huvaa kahawia. Nilipomkumbusha hilo aliniambia kwamba watu wa redio hatujui kuacha jambo likiwa limekwisha.

Samaki waliingia katika maisha yake kwa sababu ya simu. Kila mtu alipopata kamera mfukoni, studio ilibaki na picha za pasi na za kadi za uchaguzi, uso mmoja mbele ya shuka jeupe. Akatafuta kitu ambacho simu haina. Duka moja la vitambaa lilikuwa linafunga karibu na bandari, akachukua vioo vya meza zake, akatafuta fundi wa madirisha, wakaviunganisha kwa gundi ya silikoni. Sanduku lililotokea lilikuwa na urefu wa mtu mzima aliyelala. Lilivuja kwa wiki nzima. Lilipoacha kuvuja, bibi harusi wa Kalemie aliweza kupigwa picha akiwa na ziwa zima nyuma ya mabega yake, na wasichana wakaanza kuomba tarehe za harusi kulingana na nafasi ya Mama Foto. Watoto waliliita televizyo. Yeye aliliita kioo tu.

Mwanzoni alichagua samaki kama mtu anayechagua kitenge: wa njano, wa buluu, mwenye milia, mwenye mkia wa nyuzi. Wote walikuwa wazuri, na kioo kiligeuka uwanja wa vita. Waliobaki hai baada ya kung'atana aliwaua yeye mwenyewe kwa ukarimu. Mgeni akifika kwako huwezi kumwacha na njaa, na hapa kwetu chakula cha heshima kilicho karibu ni ndakala, dagaa wetu wakavu. Aliwasaga, akawanyunyizia samaki wake asubuhi na jioni, na wateja waliokuwa wakingoja nao wakaongeza mkono. Hakuna mama wa Kalemie ambaye angefanya tofauti. Lakini wale waliokuwa wazuri kuliko wote ni wakwaruza mawe. Wanaishi kwa kula utando wa kijani unaoota kwenye mwamba, na tumbo lao halijatengenezwa kwa nyama. Walivimba kama maandazi, wakafa mmoja baada ya mwingine.

"Walikufa wakiwa wameshiba," alinihadithia. "Ndiyo pale nilielewa sijui kitu."

Tangu hapo ukimpelekea samaki mpya, anauliza maswali matatu. Niliyasikia mara nyingi kiasi kwamba ninaweza kuyasema usingizini.

La kwanza: analala wapi? Kuna samaki wa mawe, kuna wa mchanga, kuna wanaotembea kwa makundi katika maji ya juu, na kuna wale wadogo kama kidole wanaoishi ndani ya magamba matupu ya konokono, ambao yeye aliwaita wapangaji. Ukijaza watu wa mawe peke yao, watagombania jiwe moja na maji ya juu yatabaki matupu kama uwanja wa mpira siku ya mvua.

La pili: anakula nini? Sababu yake nimeshaieleza.

La tatu ndilo lililowachekesha watu: anamchukia nani?

"Samaki wa hili ziwa wote wako na hasira," alinieleza. "Hakuna mupole hata mumoja. Lakini kila mumoja iko na muntu wake wa kuchukia, na mara mingi ni yule anafanana naye. Wa mawe hana habari na mupangaji. Wa juu hana habari na wa muchanga. Sasa unawapanga vile."

"Na rangi?"

"Rangi inakuja yenyewe wakiacha kuogopa. Kamata samaki muzuri kupita wote, umuweke na adui yake. Kesho asubuhi ni jivu."

Nilithibitisha hilo kwa macho yangu. Samaki mmoja wa buluu aliyekuwa akifukuzwa alipauka hadi nikadhani amebadilishwa. Alipohamishiwa upande wa pili wa mawe, buluu ilirudi kabla sijamaliza chai.

Kwa wakwaruza mawe alikuwa na utaratibu uliopinga akili ya kawaida. Mtu angedhani samaki mgomvi afugwe na wenzake wachache. Yeye alisema hapana. "Wakiwa wawili, mumoja atakufa. Wakiwa watatu, wawili. Lakini wakiwa wengi, yule mubaya anafukuza huyu, anaona ule, anafukuza ule, anasahau wa kwanza. Mwisho anachoka, anaenda kula kama wengine."

Akiwa anapanga familia kwa ajili ya picha, alifanya kazi vilevile. Hakuanza na urefu wala umri. Alisimama nyuma ya kamera akauliza kwa sauti: "Nani hasemi na nani hapa?" Watu walicheka, kisha kicheko kikafa, kisha kijana fulani akanong'ona kwamba baba mkubwa hasemi na shangazi tangu mambo ya kiwanja. Mama Foto alimchukua mjomba mnene kuliko wote akamweka katikati yao. Picha ilitoka kila mtu akitabasamu. Ninazo picha mbili za ukoo wetu alizopanga hivyo, na mpaka leo najua nani alikuwa amekosana na nani kwa kuangalia wanene wamesimama wapi.

Hata hivyo, usithubutu kumwambia kwamba samaki na watu ni kitu kimoja. Mchungaji wa kanisa lao alikuja siku moja kupigwa picha ya kalenda, akakaa mbele ya kioo muda mrefu, akaguswa.

"Mama," akasema, "hii ni mahubiri tayari. Makabila yote ya ziwa, nyumba moja, amani moja."

"Mchungaji, yule mwenye nundu leo asubuhi alimeza mupangaji muzima, na gamba lake nusu. Hiyo utaiweka wapi?"

"Mambo ya Mungu ni mengi, Mama."

"Ni mengi. Simama mulango kidogo, kivuli chako kinawaogopesha."

Mchungaji alihubiri hivyohivyo Jumapili iliyofuata. Mama Foto alikaa safu ya pili, amekunja mikono, nguo ya kahawia, akitazama dari.

Yule mwenye nundu alikuwa kasoro yake ya wazi. Ni samaki mkubwa, mweupe mwenye milia ya buluu iliyokolea, na paji la uso lililovimba kama la mtu aliyegonga mlango. Alikuwa mpole mchana, na giza likiingia alikula chochote kilichoenea mdomoni. Kwa maswali yale matatu alipaswa kuondoka zamani. Hakuondoka. Wapangaji walipungua, Mama Foto akaongeza wengine kimyakimya, na ukimuuliza alisema konokono wamehama. Nilidhani ni faida, kwamba wateja wanampenda. Lakini siku moja nilimkuta amekaa peke yake, taa za studio zimezimwa, yule samaki amesimama upande wa pili wa kioo mkabala na uso wake, hakuna kati yao anayesogea. Niliondoka bila kubisha hodi.

Umeme ulipokatika, na hapa unakatika, pampu ya hewa ilinyamaza na samaki wakaanza kuhema juu ya maji. Kwa hiyo studio yake ilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwingine. Kila mteja aliyekuwa akingoja alipewa jagi. Unachota maji kwenye kioo, unayainua juu, unayamwaga yakianguka kwa kishindo ili yabebe hewa, unachota tena. Nimemwona mkuu wa ofisi fulani, suti yake ya kijivu, tai imetupwa begani, akimwaga maji kwa zamu na muuza mkaa. Aliyekataa hakufukuzwa, ila picha yake ilichelewa.

Samaki hakuwanunua. Aliwabadilisha kwa picha. Wavuvi na wenye mashua wanaoshuka kusini kuelekea Tembwe na Moba, au kupanda kaskazini hadi Kabimba, walijua kwamba ukimletea Mama Foto samaki hai wa mawe, atakupiga picha na familia yako, kubwa, ya kuwekwa kwenye fremu. Ndiyo maana kando ya ziwa unaingia nyumba ya miti na udongo, unakuta ukutani picha ambayo wenye majumba ya Kalemie hawana.

Mkubwa wa wabadilishanaji hao ni mwenye mashua mmoja ambaye watu wote humwita Papa Nahodha. Husafirisha unga, mafuta ya mawese na abiria, na alijifunza kuteka samaki kwa wavu mdogo, akizamia kwa pumzi yake mwenyewe. Kazi ngumu haikuwa kuwakamata bali kuwapandisha. Samaki wa chini akivutwa juu kwa haraka, hewa ya tumboni inamvimbisha na kumuua. Kwa hiyo wanatiwa kwenye kikapu chenye mfuniko, kikapu kinainuliwa kidogo, unangoja, unainua tena, unangoja.

"Nilimaliza hadithi zangu zote," Papa Nahodha alilalamika siku moja akikabidhi dumu. "Nilimaliza na uongo wangu wote. Samaki bado hajafika juu."

"Uongo wako haujaisha," akamwambia Mama Foto. "Uko nao ya kufika Zambia."

Ni Papa Nahodha aliyeleta samaki ambao habari hii inawahusu. Ni wakwaruza mawe, weusi kama masizi, na kiunoni wamefungwa mshipi mpana wa rangi ya papai bivu. Alisema aliwatoa kwenye mwamba mmoja kati ya Tembwe na Moba. Jina la mahali hapo wanalijua wao wawili. Wangelisema, wangekuja watu wa kuuza samaki nje na kuukomba mwamba kwa juma moja.

Hapa ndipo jibu alilompa jirani siku ya mafuriko linapoeleweka. Mkwaruza mawe haogelei juu ya mchanga. Anauogopa kama sisi tunavyoogopa kuvuka mto usiojulikana. Mwamba wake ukiisha, dunia imeisha. Kwa hiyo ndugu zake walio kwenye mwamba wa pili, ng'ambo ya ghuba ndogo tu ya mchanga, wana rangi nyingine kabisa. Kaskazini kule Kabimba ni wekundu wa tofali. Kila pwani ina yake. Lakini ukiwatia wa pwani mbili ndani ya kioo kimoja, wanaoana bila kuulizana, na watoto wanatoka rangi ya matope. Hutapata tena papai wala tofali. Maswali yote matatu Mama Foto aliweza kuyapuuza, kama yule mwenye nundu anavyoshuhudia. Sheria hii hakuivunja. Wa mshipi wa papai walikaa studio, wekundu wa Kabimba walikaa kwenye kioo kidogo chumbani kwake.

Mwenye hoteli moja hapa mjini alimwomba amtengenezee kioo cha mapokezi.

"Nataka rangi, Mama. Rangi zote. Niwekee wale weusi, wale wekundu, na wa njano, pamoja."

"Chagua pwani moja."

"Pwani moja ni rangi moja! Mimi ninalipia upinde wa mvua."

"Weka wa juu wa buluu, weka wapangaji, weka wa milia wa kwenye nyufa. Upinde utaupata. Lakini wakwaruza mawe ni wa pwani moja."

Hakusikia. Alitafuta watu wengine, akachanganya. Mwaka ule hoteli ilipendeza kweli. Baadaye nilikwenda pale kwa mkutano wa waandishi wa habari, nikakuta kioo kimejaa samaki wanene, wenye afya, rangi ya chai iliyokaa. Mwenye hoteli alinishika mkono kwa fahari. "Unaona? Hawa hawako popote duniani. Ni wa kwangu peke yangu."

Nilimpelekea Mama Foto maneno hayo nikitegemea acheke. Hakucheka. "Ni kweli hawako popote," alisema. "Hawana kwao."

Sasa naweza kurudi kwenye mafuriko. Ziwa lilikuwa likipanda kwa miezi, likila kwanza mitumbwi iliyofungwa, kisha vyoo, kisha barabara ya chini. Watu waliweka mifuko ya mchanga, na Mama Foto aliweka yake pia. Siku upepo ulipogeuka, mifuko haikusaidia. Yule mwenye nundu alifia kwenye bakuli, alikuwa mkubwa mno. Maji yalipopanda hadi ukingo wa kioo, wapangaji na wengine walitoka wenyewe kwa mlango. Tulifika kwenye uwanja wa shule mlimani tukiwa na ndoo mbili, moja ya weusi wa papai, moja ya wekundu wa chumbani, na pipa moja la buluu ambalo mwalimu alitupatia. Umeme haukuwepo na jagi lilikuwa limepotea. Kwenye ndoo samaki walikuwa tayari wamelala ubavu.

Mama Foto aliliangalia pipa. Akaziangalia ndoo. Mimi nilishika moja, Papa Nahodha, ambaye alikuwa amekuja kumbebea vitanda, alishika nyingine.

"Ipi kwanza?" akauliza.

"Zote," alisema Mama Foto. "Mwaga."

Papa Nahodha hakumwaga mara moja. Yeye ndiye aliyeijua sheria kuliko wote. "Mama, hawa ni wa Kabimba."

"Ninajua ni wa wapi. Mwaga, Papa, wanakufa."

Tulimwaga. Wengi walikufa hata hivyo, katika siku zilizofuata, kwa uchovu, na kwa ugomvi, maana wachache waliobaki hawakutosha kumchosha mbaya wao. Alipopata chumba cha kupanga juu kabisa mlimani, mbali na maji, na kioo kidogo cha kuanzia, alikuwa na wekundu wawili madume na mmoja tu wa papai, jike. Dume la mwisho la papai lilikuwa limeishi ndani ya pipa kwa siku kadhaa, kisha likafa. Sikumwona akilia. Aliendelea kupiga picha za pasi kwenye ukuta wa chumba hicho, shuka jeupe, uso mmoja.

Alimtuma Papa Nahodha kwenye mwamba wao amletee wengine. Papa alirudi na dumu tupu. Mlima unaosimama juu ya pale umekatwa miti na kulimwa mihogo hadi kileleni, alisema. Mvua zimeushusha udongo wote majini, na mwamba umefunikwa na tope. Alizamia mara nyingi. Hakuona utando wa kijani wala samaki.

Mama Foto alilipokea hilo kama tangazo la msiba: wa papai wamekwisha, isipokuwa jike lake. Mimi kazi yangu inanilazimu kuweka alama ya kuuliza hapo. Mtu mmoja, anayezamia kwa pumzi, siku maji yalipokuwa machafu, hawezi kuapa kwamba kilindi hakina kitu. Nilimwambia hivyo. Aliniuliza kama nimewahi kumwona Papa Nahodha akisema uongo wa kuhuzunisha. Nilikiri kwamba uongo wake wote ni wa kuchekesha.

Nilimtembelea mara ya mwisho wiki iliyopita, mchana, jua likiwaka juu ya mabati. Papa Nahodha alikuwa amefika kabla yangu, amekaa kwenye kiti cha wateja na kofia yake magotini. Walikuwa katikati ya mabishano. Nilisimama mlangoni hadi waliponiona.

"Redio, ingia," akasema Mama Foto. "Uko na macho mazuri. Njoo uangalie."

Katika hekaheka ya pipa, lile jike lilikuwa limechukua mayai mdomoni, kama wanavyofanya wakwaruza mawe wote. Samaki mama hubeba watoto wake ndani ya taya, bila kula, hadi wajitegemee. Jike liliwatema kwenye kioo hiki cha mlimani. Saba wako hai. Sasa ni wakubwa kama mbegu ya papai na nusu yake, wanakwaruza jiwe lao kwa bidii.

"Baba yao ni nani?" nikauliza.

"Ndiyo kitu tunagombania," akasema Papa Nahodha. "Mimi nasema ni yule wao mweusi. Alikuwa hai kwenye pipa. Nilimuona anacheza mbele ya jike."

"Ulimuona anafukuzwa," akasema Mama Foto. "Wekundu nao walicheza. Wote walicheza. Pipa ilikuwa ngoma."

Mtoto wa mkwaruza mawe huzaliwa wa kijivu, mwenye milia hafifu, awe wa papai, wa tofali au wa mchanganyiko. Rangi ya ukoo wake inakuja baada ya miezi. Na Papa Nahodha alikuwa amekuja na habari mpya. Karibu na mwamba uliozikwa, mbele kidogo, amekuta mwamba mwingine, mdogo, ulio safi, maji yanapita juu yake na tope halijafika. Hauna mkwaruza mawe hata mmoja. Anashuka kusini safari hii. Safari inayofuata itakuwa ndani ya mvua, na mvua zikianza hawezi kuahidi kuuona mwamba, wala kwamba utakuwa bado safi.

"Nipe hawa saba na mama yao," alisema. "Niwarudishe kwao kabla kwao hakujaisha."

"Na wakiwa wa matope?"

"Basi watakuwa wa matope na hai."

"Kwenye hoteli, sawa. Kwenye ziwa, hapana. Nitakuwa nimeandika uongo kwenye mwamba, Papa. Na huo hautafutika."

"Ukingoja rangi, Mama, mwamba hautangoja."

Mama Foto akanipa kile kioo cha kukuzia alichotumia zamani kukagua negativu za picha. Nikapiga magoti. Jike lilikuwa limesimama nyuma, jembamba, mshipi wake umepauka hadi rangi ya ngozi ya kitunguu. Watoto walipita mbele yangu mmoja mmoja.

"Angalia kwenye kiuno," akasema nyuma yangu. "Mwenye kuwa karibu na jiwe. Unaona nini?"

Niliangalia muda mrefu. Kiunoni mwa mmoja wao palikuwa na weupe kidogo, upana wa uzi. Ungeweza kuwa mwanzo wa mshipi. Ungeweza kuwa jua la dirishani. Aliposogea kivulini haukuwepo, aliporudi ulikuwepo.

"Sijui, Mama," nikasema.

"Sema tena."

"Sijui."

Papa Nahodha alivaa kofia yake, akasema atapitia asubuhi ya kuondoka, dumu liwe tayari au lisiwe tayari. Mama Foto alikuwa amechukua kitambaa akaanza kufuta kioo kwa nje, pale pumzi yangu ilipoacha ukungu.

Mashua ilipaswa kuondoka Jumanne. Mafuta ya injini hayajafika, kwa hiyo hadi ninapoandika haya bado imefungwa bandarini, unga umeshapakiwa na abiria wanalala juu ya magunia. Nilipita leo asubuhi kwa Mama Foto. Watoto wote saba bado ni wa kijivu.